Nina saa moja tu usiku: elimu gani ya dini ni faradhi juu yangu, na nianze na kitabu kipi?

Mwanachuo_wa_usiku ameuliza:

Assalamu alaykum warahmatullah.

Naomba msaada wa wenye kujua. Nina duka la nafaka, nafungua asubuhi na kufunga Magharibi, siku sita za wiki. Kinachobaki ni saa moja hivi usiku, na Jumapili. Qur'ani nilihitimu chuoni nikiwa mtoto: herufi nazisoma, maana siijui. Fiqhi niliyonayo ni ya "fanya kama babako". Khutba zinatuhimiza kila mara tutafute elimu, ila sijasikia ikielezwa ni elimu ipi, kiasi gani na kwa utaratibu upi.

Maswali yangu ni manne. Ile hadithi ya kwamba kutafuta elimu ni faradhi inanilazimu nijue nini hasa? Nitangulize Kiarabu au fiqhi? Darsa za kwenye simu zinatosha? Na mke wangu naye anataka kusoma, aanze na nini? Sisi ni Mashafii kama wengi wa pwani.

Maalim_wa_Kibarazani amejibu:

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Swali la kwanza ndilo linalofungua hayo mengine.

Hadithi uliyoitaja imo katika Sunan ya Ibn Majah, namba 224, kwa mapokezi ya Anas bin Malik. Isnadi yake hiyo (mlolongo wa wapokezi) peke yake ina udhaifu, lakini njia zake ni nyingi, na kwa sababu hiyo Mizzi na Suyuti waliipandisha daraja. Kuhusu ni elimu ipi, kila mwenye fani alivutia kwake: wa fiqhi alisema ni fiqhi, wa tafsiri akasema ni Qur'ani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliukata mjadala huo katika kitabu chake cha Ihyaa kwa mfano mmoja. Mtu amebaleghe, au amesilimu, wakati wa dhuha. Saa ile halazimiki ila kujua shahada mbili na maana yake. Akiishi mpaka adhuhuri, inamlazimu kujua twahara na swala. Ikija Ramadhani, saumu. Akimiliki mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ajue zaka kabla mwaka haujatimia. Hija inamsubiri mpaka awe na uwezo na aazimie kwenda.

Kwa hiyo kipimo cha faradhi ya aini, ile inayomlazimu kila mtu mwenyewe, ni amali iliyo mbele yako, wala si wingi wa vitabu. Wewe leo unazo swala tano, Ramadhani kila mwaka, mke, na duka. Hayo manne ndiyo mtaala wako. Tofauti za wanazuoni juu ya sifa za Mwenyezi Mungu, historia ya fitina za Maswahaba na ufafanuzi wa urithi wa babu pamoja na ndugu ni faradhi ya kifaya. Wakiwepo wanaoyajua mjini, dhambi imeondoka kwa wote. Aya ya 122 ya Surat At-Tawba ndiyo msingi wa mgawanyo huu: wasitoke wote kwenda vitani, kila kundi liache watu wa kujifunza dini.

Kitabu cha kuanza kwa Mshafii wa kwetu ni Safinatu n-Najaa ya Salim bin Sumayr al-Hadhrami. Ni kijitabu cha kurasa chache, kinaingia mfukoni, na darsa zake zipo tangu Lamu mpaka Ngazija. Kina nguzo za Uislamu na Imani, udhu, josho, tayamamu, najisi, hedhi, swala, maiti na zaka. Saumu iliongezwa baadaye, na hija haimo kwenye matini ya asili. Darsa mbili kwa wiki, kwa mwalimu asiye na haraka, kinachukua miezi minne mpaka sita.

Usidanganyike na wembamba wake. Chukua faradhi za udhu: ni sita, yaani nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo vyake, na kufuata utaratibu. Ukisoma peke yako utasema umeelewa kwa dakika mbili. Mwalimu atakusimamisha kwenye nia: mahali pake ni pale maji yanapogusa sehemu ya kwanza ya uso. Aliyenuia akiosha viganja, kisha alipofika usoni mawazo yakawa kwenye bei ya mchele, nia yake haikukutana na faradhi, na udhu huo hausihi. Atakusimamisha tena kwenye mipaka ya uso: kutoka maoteo ya nywele hadi chini ya kidevu, na kutoka sikio hadi sikio, ndevu chache maji yafike kwenye ngozi, nyingi inatosha kuosha nje. Kisha vizuizi. Kwa muuza nafaka, unga uliogandia chini ya kucha unazuia maji kama rangi inavyozuia. Na visigino: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaona watu wamefanya haraka na visigino vyao vikavu, akasema "ole wa visigino kwa Moto". Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Mstari mmoja wa matini, darsa nzima.

Pamoja na Safina, soma Arbaini ya Imam Nawawi. Ina hadithi 42. Moja kwa wiki, mwaka haujesha umeimaliza. Hadithi ya pili, ya Jibrili kuuliza kuhusu Uislamu, Imani na Ihsani, inakupa itikadi ya kutosha kwa kuanzia. Safina ikiisha, nenda kwenye matini ya Abu Shujaa na sherehe yake, yaani kitabu cha kuifafanua, Fat-hul Qarib, maana humo ndimo mna biashara, nikahi na talaka.

Kinachowaangusha watu hatua hii ni kuruka. Mtu hajui vivunja udhu vinne, ameshanunua Sahihi Bukhari juzuu zote. Bukhari mwenyewe aliweka mlango wa "elimu kabla ya kauli na amali", lakini hakuandika kitabu cha mwanzo. Akikutana na hadithi mbili zinazoonekana kupingana, mwanafunzi huyo atachukua aliyoisoma mwisho.

Nahau_kwanza amejibu:

Namheshimu Maalim, ila hapa naona ametuacha njiani. Mtu anayesoma Safina kwa tafsiri ya kinywani mwa sheikh atabaki kinywani mwa sheikh. Mwenye duka amehitimu Qur'ani, herufi anazo. Hiyo ni nusu ya safari. Aanze na Ajurrumiyya, kitabu cha nahau (sarufi ya Kiarabu), sasa hivi. Matini yake ni fupi, inaanza na kueleza maneno ni nini, inagawa neno mafungu matatu (jina, kitendo, herufi), halafu inaingia kwenye irabu za mwisho wa neno.

Mfano wa kwa nini jambo hili si la anasa umo katika aya yenyewe inayosifu elimu, Surat Fatir, aya ya 28: "innamaa yakhsha Llaaha min ibaadihi l-ulamaau." Jina la Mwenyezi Mungu limetangulia lakini lina fat-ha (irabu ya a), basi ndilo linalotendewa, "ulamaau" limekuja mwisho lina dhumma (irabu ya u), basi ndio watendao. Maana: wanaomcha Mwenyezi Mungu katika waja wake ni wanazuoni. Asiyejua nahau akifuata mpangilio wa maneno kama wa Kiswahili, aliyetangulia ndiye mtendaji, atageuza aya kuwa Mungu anawaogopa wanazuoni. Irabu mbili tu.

Utaratibu: siku tatu kwa wiki, dakika 30. Mada moja, sentensi kumi za kuchanganua kwa kalamu, na aya tano za Juzuu Amma utafute ulichokisoma. Bila kuchanganua kwa mkono, kanuni zitakaa kichwani kama mashairi.

Maalim_wa_Kibarazani amejibu:

Ndugu Nahau, sikatai faida yake. Nakataa kutangulia. Isha ya usiku wa leo inamngoja, na haitamngoja mpaka afike mlango wa tamyizi kwenye nahau. Elimu ambayo wakati wake umeingia haicheleweshwi kwa ajili ya chombo cha elimu nyingine.

Na kusoma kwa Kiswahili si unyonge. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipotoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 aliandika kwa Kiswahili na Kiarabu, kwa kuwa wengi wasingefikiwa na Kiarabu peke yake. Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969 ina maelezo chini ya kurasa. Mwenye duka anaweza kuisoma kuanzia usiku wa leo, sura fupi kwanza. Safina ikifika nusu, hapo aongeze Ajurrumiyya. Nadhani hapo tutakutana.

Nahau_kwanza amejibu:

Nusu sawa. Ikimalizika yote ndipo aanze, hataanza tena, nimesema.

Makhraji amejibu:

Mnamjengea ghorofa, na Fatiha hajasahihishiwa. Aliyehitimu utotoni kwa kufuatisha kwaya ya darasa mara nyingi anazo sauti, hana herufi. Fatiha ni nguzo ya swala, na kwetu Mashafii Bismillahi ni aya yake, hivyo anayeianza na "Alhamdu" ameacha aya.

Fatiha pamoja na Bismillahi ina shada 14, yaani alama za kukaza herufi. Kuacha shada ni kuacha herufi. Zinazodondoka zaidi ni ya "iyyaaka", mara zote mbili, na ile ya lamu katika "dhwaalliina". Kosa zito kuliko yote ni la irabu: "an'amta" maana yake uliowaneemesha, ukisema "an'amtu" umesema niliowaneemesha, na swala ya anayefanya hivyo kwa kusudi inabatilika. Kisha herufi: wasemaji wa bara wengi husema "lazina" badala ya "lladhiina", "mustakiim" kwa kafu badala ya qafu, na "alhamdu" kwa he nyepesi badala ya ile ya kooni. Waliozaliwa pwani dhali haiwasumbui, kwa sababu tunasema dhahabu na dharau kila siku, lakini 'ayni ya "na'budu" inawapotea wote.

Namna ya kusahihisha: kaa mbele ya mwalimu uone midomo yake, asome aya moja, uisome mara tano, asiruke mpaka iwe sawa. Robo saa kila siku kwa wiki mbili inatosha kwa wengi. Kusikiliza kanda kunasaidia, na usomaji wa kufundishia wa Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri ni mzuri kwa kazi hiyo, ila kanda haikusikii. Utarudia kosa lako pamoja nayo mara mia, na kila mara utajiona umelingana.

Baada ya Fatiha, tajwidi (kanuni za usomaji) ya lazima ndogo tu: hukumu za nuni sakina (nuni isiyo na irabu) na tanwini (sauti ya nuni mwishoni mwa neno). Ziko nne. Idhhari (kudhihirisha nuni) kwa herufi sita za koo, idghamu (kuiingiza katika herufi inayofuata) kwa herufi sita zilizokusanywa katika "yarmaluuna", iqlabu (kuigeuza) kwa herufi moja, be, na ikhfaa (kuificha) kwa 15 zilizobaki. Zikusanye zote upate 28, ukiona pungufu ujue umeisahau moja. Tuhfatu l-Atfal ya Jamzuri inazo katika beti za mwanzo, na yote ni beti 61.

Kuhifadhi msahafu mzima si faradhi juu yako. Ukitamani, msahafu wa Madina una kurasa 604. Nusu ukurasa kwa siku ni miaka mitatu na miezi minne bila kukosa siku. Wanaoshindwa hawashindwi na kipya, wanashindwa na cha zamani: wanaongeza bila muraja'a (kurudia walichohifadhi). Juzuu Amma, sura 37, ndiyo inayomfaa mtu wa saa moja.

Umm_Twahara amejibu:

Swali la mke limepitwa, kama kawaida.

Dada aanze palepale na Safina, ila mlango wa hedhi asiuache uwe wa kupitia haraka kwa kuwa ustadhi anaona haya. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini, na katika Bukhari wanawake walimwomba Mtume awawekee siku yao, akawawekea.

Asichokosa kujua: hedhi kwa madhehebu yetu haipungui mchana na usiku wake, yaani saa 24, wala haizidi siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Namba hizi tatu zinatosha kutatua masuala mengi kama unaandika. Mfano: damu siku 8, ikakatika siku 10, ikarudi. Twahara haijatimia 15, kwa hiyo siku 5 za mwanzo za damu ya pili ni istihadha, damu isiyo ya hedhi: anajisafisha, anafunga pedi, anatawadha baada ya wakati kuingia na kuswali. Ikiendelea baada ya hizo tano ndipo inakuwa hedhi mpya. Asiyeandika tarehe na saa kwenye daftari atakisia, na kukisia kwake kutamfanya aache swala zilizo juu yake.

La pili ambalo wengi hawalijui: akitwaharika kabla ya jua kuzama, hata kwa kadiri ya kusema Allahu Akbar, Alasiri inakuwa juu yake, na Adhuhuri pia. Vivyo hivyo akitwaharika kabla ya alfajiri: Isha pamoja na Magharibi. Wengi huoga kesho yake asubuhi na kuanza na Alfajiri, na zile mbili zinabaki deni.

Kuhusu mahali: akiwa hedhini hakai mskitini wala hashiki msahafu, kwa hiyo darsa ya wanawake iwekwe ukumbini au nyumbani, isije ikamkatikia kila mwezi. Vitabu vya fiqhi na hadithi anasoma bila tatizo.

Na wewe mwenye duka: Ghazali ameandika wazi kwamba mume amfundishe mkewe, au amwendee kuuliza kwa niaba yake, asipofanya, mke ana haki ya kutoka kwenda kujifunza faradhi yake, na mume akimzuia anapata dhambi.

Mizani_ya_haki amejibu:

Kwa kuwa umetaja duka, faradhi yako ina mlango ambao mwalimu wa shule au kinyozi hana. Sayyidna Umar alikataza mtu kuuza katika soko la Madina ila aliyeifahamu dini, Tirmidhi ameipokea. Sababu yake utaiona dukani kwako mwenyewe.

Mteja analeta kilo 10 za mchele mpya na anataka kilo 8 za mchele wa zamani unaopikika vizuri. Mmeridhiana. Hiyo ni riba, ridhaa haiihalalishi, kwa sababu chakula kwa chakula cha jinsi moja kinataka usawa na kukabidhiana papo hapo. Dawa yake Mtume aliitoa kwenye tende za Khaybar: uza zako kwa fedha, kisha nunua nyingine kwa fedha. Mwingine analeta maharage achukue mchele. Jinsi mbili tofauti, vipimo viruhusiwe kutofautiana, lakini makabidhiano yawe hapohapo. Akisema "maharage nitaleta Ijumaa" imeharibika. Mpe mchele kwa bei ya fedha, awe na deni la fedha. Na anayekopa gunia la mahindi msimu wa njaa arudishe gunia na nusu wakati wa mavuno, hilo halihitaji hata kufunguliwa kitabu.

Zaka ya biashara. Siku mwaka unapotimia, hesabu bidhaa zote kwa bei ya sokoni ya siku ile, si bei uliyonunulia. Ongeza fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Rafu, mizani, friji na pikipiki ya kusambazia havimo. Bidhaa 12,000,000, fedha 3,000,000: jumla 15,000,000, asilimia 2.5 yake ni 375,000. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha. Ulizia bei siku ile ile. Deni unalodaiwa wewe, kwa kauli yenye nguvu kwetu, halipunguzi zaka.

Panapoharibika: wengi hufuata mwaka wa Kizungu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo anayehesabu Januari mpaka Januari, katika miaka 33, zaka ya mwaka mmoja mzima imemponyoka. Chagua tarehe ya Hijria, iandike ukutani nyuma ya kaunta.

Kisimu amejibu:

Mimi naona mnaikandamiza simu bure. Vitabu vya zamani ambavyo mwanafunzi alikuwa akivifuata mpaka Hadhramaut sasa vimo kiganjani, na masheikh wanaosomesha mskiti wa mbali unawasikiliza ukiwa dukani. "Tafuteni elimu hata China", na China imetufikia mfukoni.

Maalim_wa_Kibarazani amejibu:

Ndugu Kisimu, kwanza hiyo ya China. Ibn al-Jawzi ameiweka katika mkusanyo wake wa hadithi za kubuni, na hata waliomlainikia hawakuivusha daraja ya udhaifu. "Tangu susuni hadi kaburini" nayo ni kauli ya watu. Ukitaka hadithi ya safari ya elimu, chukua ya Muslim: anayeshika njia akitafuta elimu, Mwenyezi Mungu humsahilishia njia ya Peponi. Ukitaka tukio, Bukhari ametaja kwamba Jabir bin Abdallah alisafiri mwendo wa mwezi kwenda kwa Abdallah bin Unays kwa ajili ya hadithi moja. Hizo zinatosha, hatuna haja ya kumzulia Mtume.

Sasa simu. Darsa iliyorekodiwa ya kitabu kizima, kuanzia Bismillahi ya mwandishi mpaka mwisho, kwa sheikh mmoja unayejua amesoma kwa nani, ni nzuri. Isikilize dukani, na kitabu kiwe wazi mbele yako. Ubaya uko kwenye vipande vya dakika mbili. Leo kipande cha Mshafii kinakwambia kupaka nywele chache za kichwa kunatosha katika udhu. Kesho cha Mhanafi kinakwambia kumgusa mkeo hakuvunji udhu. Ukapaka nywele tatu, ukamgusa mkeo, ukaenda kuswali. Kwa Mshafii udhu wako umevunjika kwa kugusa. Kwa Mhanafi haukuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa yeye anataka robo ya kichwa. Umewasikiliza maimamu wawili wakubwa, na swala haikusihi kwa yeyote kati yao. Hiyo ndiyo talfiki, kuchanganya madhehebu katika ibada moja, na simu huizalisha bila msikilizaji kujua, maana kipande hakikwambii kimetoka madhehebu gani.

Kwa hiyo kanuni ya simu ni hii: usikilize kitabu, usisikilize majibu. Majibu mwulize mtu anayekujua, ukiweka mbele yake tukio lako lote.

Daktari_mtarajiwa amejibu:

Naongeza dogo. Msimwache mtu akafikiri elimu ni ya vitabu vya njano, vile vya dini vya zamani, tu. Ghazali yuleyule ameihesabu tiba na hisabu katika faradhi za kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliojazana kwenye mabishano ya fiqhi wakati miji mingine haina tabibu ila asiye Mwislamu. Anayesomea uuguzi au uhandisi kwa nia hiyo anaubebea umma mzigo wake. Faradhi yake ya aini haijaondoka lakini: muuguzi wa zamu ya usiku anahitaji kujua lini ana ruhusa ya kujumuisha swala na lini hana.

Mwanachuo_wa_usiku amejibu:

Jazakumullahu khayran nyote. Nimeandika. Limebaki moja la vitendo. Mskiti wa karibu na dukani una darsa baina ya Magharibi na Isha, Jumatatu na Alhamisi, wanasoma Fat-hul Qarib na wako mlango wa nikahi. Niingie hapohapo, au nisubiri waanze upya?

Maalim_wa_Kibarazani amejibu:

Ingia Alhamisi hii. Mlango wa nikahi unasimama wenyewe, hauhitaji uwe umesoma biashara kabla yake, na wewe una mke, kwa hiyo mengi yake ni faradhi yako ya sasa: matumizi, haki ya malazi, matamshi ya talaka. Hilo la mwisho lisikilize mara mbili, maana talaka ya mzaha inapita kama ya kweli.

Twahara na swala usizisubirie hapo. Baada ya darsa mfuate sheikh, umwombe nusu saa ya Safina Jumapili, au akuelekeze kwa mmoja wa wanafunzi wake wakubwa. Nenda na kitabu chenye nafasi pembeni na penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu utaifuta tafsiri yako ya kwanza mara nyingi. Akisoma sheikh ibara na kuitafsiri, andika juu ya neno lenyewe, usiandike hotuba. Ukifika nyumbani, kabla ya kula, mweleze mkeo ulichosikia bila kufungua kitabu. Pale utakapokwama weka alama, na alama hizo ndizo maswali yako ya darsa ijayo. Ukikosa darsa moja kwa sababu ya mzigo kuingia, omba daftari la mwenzio usiku uleule. Ukikosa tatu mfululizo, punguza: acha Alhamisi, ibaki Jumatatu, lakini Jumatatu hiyo duka lifungwe saa kumi na mbili kasoro robo bila kuangalia nani yuko kwenye foleni.